Tope Ndilo Dubwana

Nilikuwa na miaka 11 nilipoona kwa mara ya kwanza filamu ya mnyama aliyeharibiwa na sumu ya binadamu. Nilikuwa nimebanwa kwenye benchi la ubao ndani ya banda umiza moja jijini Mwanza: mabati juu, kanga kuukuu mlangoni kuzuia mwanga, televisheni ndogo juu ya meza, na pembeni mtafsiri na maikrofoni yake akitumwagia Kiswahili juu ya Kiingereza cha waigizaji. Sisi tuliiita “ile ya mamba”. Ukubwani ndipo nilipojua kwamba ni Alligator, ya mwaka 1980, iliyoongozwa na Lewis Teague kwa fedha kidogo.

Mtoto wa mamba anatupwa chooni, maji yanamsomba hadi kwenye mitaro ya majitaka. Huko chini anakula mizoga ya mbwa waliofanyiwa majaribio ya homoni za kukuza, mizoga ambayo imetupwa kwa siri. Anakua hadi anapasua barabara na kutoka. Banda zima tulikuwa tunapiga kelele. Mzee mmoja mvuvi aliyekaa karibu yangu, shati lake likinuka dagaa, akasema kwa sauti kubwa, “Mamba hangoji dawa ndipo ale mtu.” Watu wakacheka, maana kando ya Ziwa Victoria hakuna asiyelijua hilo. Kisha akamgeukia mtafsiri.

“Wewe kijana, hebu tuambie. Hiyo dawa kaimwaga nani?”

“Tajiri, mzee. Mwenye kampuni.”

“Haya. Endelea.”

Mamba yule alianza na watu wa mitaroni, akapanda kwenye vichochoro na nyumba za watu wa kawaida, na mwisho akaingia kwenye harusi, katika bustani ya jumba la mwenye kampuni. Hapo banda lililipuka kwa shangwe. Muswada uliandikwa na John Sayles, mtu aliyejua vizuri sana kwa nini mnyama wake anapanda ngazi hatua kwa hatua, kutoka kwa mnyonge hadi kwa bwana mkubwa. Sisi hatukuwa tumesikia jina lake, lakini tulimwelewa.

Tangu siku ile nimezipima filamu hizi zote kwa swali la yule mzee. Nimeziona nyingi: vyura, samaki, minyoo, dubu, mchwa, siafu wakubwa kama magari. Nazipenda na nazitetea. Wanaosema ni takataka za mpira na rangi nyekundu hawajakaa nazo. Lakini ndani ya aina hii ya filamu kuna kosa moja ambalo nimeshindwa kulisamehe. Ili nilieleze, lazima nianze na paka wa kweli.

Minamata ni mji mdogo wa pwani kusini mwa Japani. Miaka ya mwanzo ya 1950 wavuvi wa huko waliona paka wao wakiyumba, wakitokwa na mate, wakizunguka kama wanaocheza ngoma, kisha wengine wakijitumbukiza baharini na kufa. Kunguru walianguka kutoka angani. Samaki walielea. Halafu ikaja zamu ya watu: mikono inatetemeka, kikombe hakishikiki, macho yanaona kwa tundu dogo tu, maneno yanagoma kutoka. Tarehe 1 Mei 1956 ugonjwa huo uliripotiwa rasmi. Sababu yake ilikuwa zebaki iliyotiririka baharini na maji machafu ya kiwanda cha kampuni ya Chisso. Zebaki iliingia kwa samaki, na samaki ndio waliokuwa kitoweo cha kila siku cha wavuvi na paka wao.

Kuna paka mmoja ambaye ningependa kila mwandishi wa filamu amjue. Anajulikana kwa namba 400. Mwaka 1959 daktari wa hospitali ya kampuni hiyohiyo, Hosokawa Hajime, alimchanganyia chakula chake na maji machafu ya kiwanda. Baada ya muda paka akaanza kuyumba na kutetemeka kama wale wa wavuvi. Daktari alikuwa amepata jibu mkononi. Wakubwa wake wakalifungia. Kiwanda kiliendelea kumwaga zebaki hadi mwaka 1968, na Hosokawa alikuja kutoa ushahidi mwaka 1970 akiwa kitandani, mgonjwa, miezi michache kabla ya kufa kwake.

Paka namba 400 hakuota meno marefu. Hakukua kama nyumba, hakumvamia mkurugenzi kwenye harusi. Alitetemeka mpaka mwisho wake ukafika. Sumu ya kweli ndivyo inavyofanya kazi: inamdhoofisha aliyeila na kumwacha aliyeimwaga. Filamu za madubwana zinageuza jambo hili kichwa chini miguu juu, na mimi naona ni halali yao kufanya hivyo. Aliyeonewa anapewa nguvu kwa saa moja na nusu. Sisi tuliokuwa bandani tulishangilia kwa sababu tulijua haliwi hivyo mtaani.

Kosa linaingia pale filamu inapotufundisha kumkimbia aliyenyweshwa sumu.

Chukua Prophecy ya mwaka 1979, kazi ya John Frankenheimer, mwongozaji hodari aliyekuwa na kampuni kubwa nyuma yake. Hapa fedha hazikupungua. Kiwanda cha karatasi katika misitu ya Maine, Marekani, kinatumia zebaki kwenye magogo. Zebaki inaingia mtoni, samaki wanakua kupita kiasi, wenyeji wa asili wa eneo hilo wanaugua na kuzaa watoto wafu, na mtaalamu wa afya anayechunguza mambo haya anaitaja Minamata waziwazi. Mke wake ni mjamzito na amekula samaki wa mto ule. Hadi hapo nilikuwa nimeacha hata kunywa chai yangu. Kisha anatokea dubu mkubwa mwenye ngozi iliyochunika kama iliyomwagiwa mafuta ya moto, na kuanzia hapo kazi ya kila mtu ni kumuua dubu. Watoto wake, walioharibika kama mama yao, wanaonyeshwa kwetu ili tutetemeke na kuona kinyaa. Kiwanda kinasahaulika. Mjamzito naye anasahaulika, na filamu inaisha bila kumrudia. Lile swali la yule mzee wa Mwanza lilijibiwa mapema kabisa, kisha jibu likatupwa ili tupate nafasi ya kumkimbiza mama mwenye watoto wagonjwa.

Mwaka mmoja baadaye ilitoka Humanoids from the Deep, ya mtayarishaji Roger Corman, mfalme wa filamu za bei ya chini. Samaki waliokula homoni wanageuka viumbe wanaotoka baharini kubaka wanawake. Mwongozaji wake, Barbara Peeters, alilalamika kwamba matukio mabaya zaidi yalipigwa na mtu mwingine na kuchomekwa ndani ya kazi yake. Sina zaidi la kusema juu ya filamu hiyo.

Kwa nini jambo hili linanikera kiasi hiki? Kwa sababu Minamata hayakuwa mambo ya filamu. Ugonjwa ulipoanza uliitwa ugonjwa wa ajabu, na watu waliamini unaambukiza. Majirani waliacha kuingia kwenye nyumba za wagonjwa. Dukani fedha zao zilipokelewa kwa shida. Kisha watoto wakazaliwa na ugonjwa huo tayari mwilini, wakati madaktari wengi wa enzi zile waliamini kwamba kondo la nyuma humkinga mtoto dhidi ya sumu. Mwaka 1962 ndipo ilipokubalika kwamba hawa nao ni wagonjwa wa Minamata, kwamba zebaki ilipita kwa mama ikamfuata mwana. Mmoja wao, Shinobu Sakamoto, alisafiri hadi Stockholm mwaka 1972, akiwa bado kijana mdogo, wakati wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira, ili dunia imwone na imsikie. Mtu aliyetengwa kwa sababu mwili wake unatisha watu hastahili kuwekewa kioo cha dubwana mbele yake.

Mpigapicha Mmarekani W. Eugene Smith aliishi Minamata miaka mitatu. Picha yake iliyojulikana kuliko zote, ya mwaka 1971, ni ya mama akimwogesha binti yake aliyezaliwa na ugonjwa ule, amempakata majini, uso wa mama umejaa upendo mtupu. Binti alifariki mwaka 1977. Miaka mingi baadaye wazazi wake walitamani apumzike, asiendelee kuning'inia kwenye kuta za maonyesho, na Aileen Smith, aliyekuwa mke wa mpigapicha na mwenye haki ya picha ile, akawaachia wao uamuzi. Nalitaja hili kwa sababu hata picha iliyopigwa kwa upendo ilifika mahali ikawa mzigo kwa wenyewe. Sembuse mpira uliochorwa vidonda ili watu wapige mayowe.

Ndiyo maana filamu ninayoiweka juu ya zote ni ile ambayo hata wapenzi wa Godzilla wengi waliwahi kuicheka: Godzilla vs. Hedorah, iliyotoka Japani tarehe 24 Julai 1971, kazi ya Yoshimitsu Banno.

Hali ya sinema Japani wakati ule ilikuwa mbaya. Mwaka 1958 tiketi zaidi ya bilioni 1.1 zilikuwa zimeuzwa nchini. Kufikia 1971 zilikuwa zimeshuka hadi milioni mia mbili na ushei, kwa kuwa watu walikuwa wamehamia kwenye televisheni. Fundi mkuu wa madubwana wa kampuni ya Toho, Eiji Tsuburaya, alikuwa amefariki Januari 1970. Godzilla mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1954 kutokana na hofu ya bomu la haidrojeni, alikuwa ameshushwa kuwa burudani ya watoto wakati wa likizo. Banno alipewa siku 35 na kikosi kimoja tu, wakati desturi ilikuwa vikosi viwili, kimoja cha waigizaji na kingine cha madubwana. Mtayarishaji Tomoyuki Tanaka alikuwa amelazwa hospitalini, hivyo hakuwapo kumzuia. Alipokuja kuona matokeo, hakufurahi hata kidogo, na Banno hakupewa tena kuongoza filamu ya Godzilla.

Banno alikuwa amepita Yokkaichi, mji wa viwanda vya mafuta ambako watu walikuwa wanakufa kwa pumu iliyoletwa na moshi, akaona anga limezibwa na bahari imejaa povu. Mwaka 1970 magazeti ya Japani yalijaa habari za bandari ya Tagonoura, chini ya Mlima Fuji, iliyokuwa inajaa tope zito linalonuka kutoka viwanda vya karatasi. Tope hilo kwa Kijapani huitwa hedoro. Banno alichukua neno hilo la gazetini, akalitia miguu na macho mawili mekundu, akalipa jina Hedorah.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Hedorah si mnyama aliyekunywa taka. Ni taka zenyewe. Mbegu yake imetoka angani, lakini mwili wake wote ni uchafu wetu: anaanza kama viluwiluwi kwenye maji machafu, viluwiluwi wanaungana, anakua, anatambaa hadi nchi kavu. Kuna tukio moja ambalo nimelirudia mara nyingi. Usiku, Hedorah anapanda juu ya kiwanda, anakumbatia bomba la moshi, anaweka mdomo wake pale juu na kuvuta. Anavuta moshi kama mzee anavyovuta kiko baada ya chakula, taratibu, macho yamelegea kwa utamu. Hakuna maneno. Mtoto wa miaka mitano anaelewa nani anamlisha nani.

Tukio jingine ni fupi zaidi. Hedorah amepita, kila mahali pametapakaa tope, na katikati ya tope hilo kuna mtoto wa paka, amefunikwa mwili mzima, analia. Filamu haimgeuzi kuwa kitu cha kutisha. Inamtazama tu, anaita, kisha inaendelea. Nilipomwona nilimkumbuka paka namba 400, na naamini Wajapani wengi walioketi ukumbini mwaka ule waliwakumbuka paka wa Minamata.

Na kuna wasichana wa shule. Wako uwanjani wanafanya mazoezi ya viungo, Hedorah anapita juu yao akiruka, na nyuma yake wanadondoka mmoja mmoja huku wakikohoa. Mtazamaji wa leo anaweza kudhani ni chumvi ya filamu. Tarehe 18 Julai 1970, katika wilaya ya Suginami jijini Tokyo, wanafunzi zaidi ya 40 wa shule moja walianguka wakifanya mazoezi uwanjani, macho yanawaka na koo zimekaba, kwa sababu ya ukungu wa moshi wa magari na viwanda uliopikwa na jua. Filamu ilitoka mwaka mmoja na siku sita baadaye. Wazazi waliowapeleka watoto wao kumwona Godzilla likizo ile walikuwa wanaona habari ya jana.

Ubovu wake naujua. Godzilla anaruka kwa kutoa moto mdomoni kama roketi inayokwenda kinyumenyume, na hata mimi hapo huwa nafumba macho. Katuni zinakatiza hadithi bila kubisha hodi. Vijana wanakesha wakicheza muziki kwenye miteremko ya Fuji kana kwamba filamu nyingine imepotea njia. Lakini ubovu huu na ujasiri wake ni pande mbili za sarafu ileile. Kazi yenye bajeti kubwa inapita mikononi mwa watu wengi, na kila mmoja analainisha kitu kidogo. Kazi ya siku 35 haina muda wa kulainishwa. Wimbo wake wa mwanzo unataja zebaki na kadimiamu kwa majina, juu ya picha za bahari chafu na sanamu la dukani linaloelea. Hebu fikiria wimbo wa filamu ya watoto unaoimba majina ya sumu zilizokuwa zinawaua watu mwaka uleule.

Hata vazi la Hedorah lilikuwa adhabu. Ndani yake alikuwa Kenpachiro Satsuma, aliyebeba mzigo mzito wa mpira siku zote zile hadi akaugua kidole tumbo katikati ya kazi. Satsuma ndiye baadaye aliyekuja kuvaa vazi la Godzilla mwenyewe, kuanzia 1984 hadi 1995. Binadamu aliyefichwa ndani ya taka: sijui kama Banno alilifikiria hivyo, lakini mimi siwezi kumtazama Hedorah bila kumwona mtu yule mle ndani akihema.

Mwisho wa filamu haumwachi mtu aende nyumbani ameridhika. Hedorah anakaushwa kwa umeme mpaka anageuka vumbi, jeshi limekosea karibu kila kitu, na Godzilla kabla ya kuondoka anageuka na kuwatazama watu. Anawatazama kwa hasira. Halafu picha ya mwisho inauliza kama kuna mwingine anakuja. Mwezi uleule wa Julai 1971, serikali ya Japani ilifungua Wakala wa Mazingira, baada ya bunge kupitisha sheria 14 za uchafuzi mwishoni mwa 1970. Sisemi filamu ndiyo iliyoleta hayo. Wagonjwa, mama zao, wanasheria na wavuvi waliofunga njia ndio walioyaleta. Nasema filamu ya bei rahisi ilisimama upande wao, ikaelekeza kidole kwenye tope na kumwacha mgonjwa na heshima yake.

Kwa nini nawasumbua wasomaji wa Jumapili na mambo ya Japani ya zaidi ya miaka 50 iliyopita? Mwaka 2013 mataifa yalikubaliana juu ya mkataba wa kudhibiti zebaki, na mkataba huo ukapewa jina la Minamata. Moja ya mambo makubwa unayoyashughulikia ni machimbo madogo ya dhahabu, na hayo tunayo: Geita, Chunya, Migori, mashariki ya Congo. Mchanga uliosagwa unachanganywa na zebaki, zebaki inaikamata dhahabu na kuwa kidonge cha rangi ya fedha, kidonge kinakamuliwa kwenye kitambaa, kisha kinachomwa. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Inayopaa haina rangi wala harufu ya kumwonya mtu.

Na vijana wetu sasa wanapiga filamu kwa simu, kwa fedha za mfukoni. Baadhi yao wameniandikia wakitaka ushauri, wengine wana madubwana tayari kichwani: samaki mwenye vichwa viwili, mtoto wa mchimbaji aliyezaliwa na magamba. Huyu wa magamba nawaomba wamwache. Mtoto kama huyo, bila magamba lakini mwenye viungo visivyotii, yuko kwenye nyumba fulani ya udongo, na mama yake tayari ameulizwa alikosea nini, alimkosea nani, mganga gani alimwendea. Wampe dubwana umbo la kidonge cha fedha. Wampe umbo la karai. Wamfuate nyuma hadi kwa anayeleta zebaki kwenye chupa ndogo na anayenunua dhahabu bila kuuliza.

Miaka michache iliyopita nilikuwa kwenye machimbo madogo mkoani Geita, jioni. Kulikuwa na banda la turubai linaloonyesha filamu, jenereta inaunguruma, watoto wamejaa hadi mlangoni. Ilikuwa filamu ya mamba, mpya zaidi kuliko ile yangu, mtafsiri kijana akifoka kwenye spika. Kama hatua 15 kutoka pale, mwanamke mmoja alikuwa amechutama mbele ya jiko la mkaa, kipande cha bati juu ya moto, na juu ya bati kidonge kidogo kinang'aa. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, amelala, shavu limegusa bega la mama. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua macho, asije akapoteza kidonge chake. Kisha akaita jina kuelekea bandani, mara moja, mara mbili. Mvulana wa miaka kama minane akatoka, akijivuta na kugeuka nyuma, kwa sababu mamba alikuwa ndiyo kwanza anainuka kutoka majini na wenzake wanapiga mayowe.

“Njoo unipepelee, mwanangu,” mama alimwambia. “Linazimika.”

Mvulana akachukua kipande cha boksi, akachutama upande wa pili wa jiko, akaanza kupepea.